Gari la Taka Halijapita: Kwa Nini Mitaa ya Dar Haikai Safi

Simama kando ya rundo lolote la taka Dar es Salaam, liwe la Manzese, Mbagala au Kinyerezi, kisha usitazame kilichomo. Tazama kisichokuwemo. Hakuna chuma. Hakuna kopo la soda la alumini. Hakuna betri ya gari wala boksi kavu. Chupa za maji ni chache, na hizo chache zimechafuka kiasi kwamba mwokota chupa wa alfajiri ameziona akazipita. Vyote hivyo vina mnunuzi, na chenye mnunuzi hakilali barabarani. Kilichobaki ni maganda ya ndizi na viazi, ugali uliochacha, pampasi, vifungashio vyepesi vya nailoni, matambara, na mchanga mwingi uliofagiwa uani.

Ukilisoma rundo namna hiyo unagundua jambo ambalo mabango ya "Usitupe taka ovyo" hayalisemi. Sehemu kubwa ya uchafu wa mitaani haikutupwa na mpita njia. Ni taka za jikoni na chumbani, zilizofungwa vizuri kwenye mfuko, zikasubiri gari, gari lisije, mpaka mwenye nazo akachoka kuzinusa.

Wanaotupa ovyo wapo, tusidanganyane. Abiria anayerusha chupa kupitia dirisha la daladala yupo, na anayekula muwa Kariakoo akatema makapi miguuni pake yupo. Hao nitawarudia. Lakini hata ukiwakamata wote leo, mtaro wa nyuma ya nyumba za Tandale utajaa tena wiki ijayo, kwa sababu ndani yake kuna maganda ya viazi, na sijawahi kumwona abiria anayemenya viazi kwenye daladala.

Kwa hiyo swali la usafi wa mtaa ni swali la safari: mfuko wa taka unatokaje mlangoni pako hadi dampo, na unakwamia wapi?

Kwenye karatasi mambo yamekaa vizuri. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazikabidhi halmashauri jukumu la taka ngumu. Halmashauri hutunga sheria ndogo, hupanga ada, hutangaza zabuni. Mzabuni, ambaye anaweza kuwa kampuni au kikundi cha wananchi, hupewa eneo lake: azoe taka nyumba kwa nyumba, au azichukue kwenye kizimba zilikokusanywa, azipeleke dampo. Kaya hulipa ada kila mwezi. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa na mtendaji wanahimiza, afisa afya wa kata anakagua, mgambo anakamata wakaidi. Mfuko mmoja wa taka, basi, una wakubwa wengi, na siku unapooza mlangoni kila mmoja wao ana mwenzake wa kumnyooshea kidole.

Utaratibu huu haukushuka kutoka mbinguni. Ulizaliwa na aibu. Miaka ya 1980 Halmashauri ya Jiji ndiyo iliyokuwa ikizoa taka kwa magari yake yenyewe, na magari hayo yalikuwa yakifa moja baada ya jingine. Dampo lilikuwa Tabata, katikati ya makazi ya watu, likifuka moshi. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata wakaishtaki Halmashauri ya Jiji Mahakama Kuu, wakashinda. Jiji halikulihamisha dampo. Lilirudi mahakamani kuomba liongezewe muda, na likarudi tena, hadi Jaji Lugakingira akashangaa waziwazi kuona mamlaka ya umma inakuja mbele yake kuomba ruhusa ya kuhatarisha afya za watu. Kesi ile inakumbukwa na wanasheria kwa sababu iliifunga haki ya kuishi, iliyomo kwenye ibara ya 14 ya Katiba, pamoja na mazingira safi. Kwa wakazi wa kawaida ilikuwa na maana nyepesi zaidi: dampo liondoke. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 likahamia Vingunguti, baadaye Mtoni, na sasa liko Pugu Kinyamwezi.

Dampo likisogea mbali, watu wa jirani wanapumua, na hiyo ni haki yao. Ila kila lilivyosogea, safari ya lori ilirefuka, na mji nao ulikuwa unakimbia upande wa pili: Tegeta, Bunju, Mbweni. Lori linalobeba taka za huko kwenda Pugu linavuka jiji zima na foleni zake. Lililoweza kwenda mara tatu kwa siku sasa linajitahidi liende mara moja. Gharama hiyo haionekani kwenye bango lolote, lakini ipo ndani ya kila mfuko unaooza mlangoni.

Hali ilifika pabaya kiasi kwamba mwaka 1992 taka zilizokuwa zikifika dampo hazikutimia hata asilimia 5 ya taka zote za jiji. Zilizobaki zilifukiwa uani, zilichomwa, au zilikaa zilipokaa. Ndipo yakaanza majaribio ya kuzikabidhi kwa watu binafsi. Mwaka 1994 kampuni ya Multinet Africa ikapewa kata za katikati ya mji. Halmashauri ya Jiji yenyewe ikavunjwa mwaka 1996, ikaja Tume ya Jiji chini ya Charles Keenja, na kufikia mwishoni mwa muongo ule kandarasi zilikuwa zimesambazwa hadi kata nyingi, safari hii zikiwamo za vikundi vya wananchi. Hananasif, Kinondoni, kikundi cha akina mama kinachoitwa KIWODET kilikuwa miongoni mwao. Vikundi vya aina hii vina silaha moja ambayo kampuni kubwa haina. Mama anayekuja kudai ada ni jirani yako, mnakutana msibani, mnakutana kwenye kikoba. Kumkwepa mwezi mzima ni kazi.

Na ada ndiyo kiini cha habari yote, kwa hiyo tukae hapa kidogo.

Benki ya Dunia, katika ripoti yake ya mwaka 2018, ilikadiria kwamba mtu mmoja katika nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara huzalisha wastani wa kilo 0.46 za taka kwa siku. Sensa ya 2022 iliihesabia Dar es Salaam watu 5,383,728. Zidisha, unapata karibu tani 2,500 kila siku, na watu wa mjini huwa wanazidi wastani. Namba hiyo ni kubwa mno kuielewa, basi tuishushe hadi mtaani. Chukua eneo la kaya 500, kila kaya ina watu watano. Hao wanatoa zaidi ya tani moja kwa siku, yaani kama tani 8 kwa wiki. Gari likibeba tani 4 kwa safari, linatakiwa lije mara mbili kwa wiki, safari 8 kwa mwezi.

Sasa tuweke bei za mfano tu, si za kampuni yoyote. Tuseme ada ni shilingi 3,000 kwa kaya, na kila safari ya gari, ukijumlisha mafuta, dereva, wazoaji na malipo ya dampo, inamgharimu mzabuni shilingi 150,000. Wote 500 wakilipa, zinapatikana shilingi 1,500,000. Safari 8 zinakula 1,200,000, na kinachobaki ni tairi, spea na faida yake. Biashara inakwenda.

Wakilipa kaya 300, zinapatikana 900,000. Hizo ni safari 6, bila senti ya tairi. Mzabuni anapunguza safari. Wiki mbili kati ya nne gari linakuja mara moja tu, na wale 300 waliolipa wanaona taka zao zinalala. Mwezi unaofuata mkusanya ada anapobisha hodi anajibiwa, "Nikulipe nini, mbona hamji?" Jibu ni la haki kabisa. Wanabaki walipaji 200, shilingi 600,000, safari 4. Gari sasa linapita mara moja kwa wiki, linajaa kabla ya kufika nusu ya mtaa, na taka zenyewe hazikupungua hata kilo.

Hakuna mwizi katika hadithi hiyo. Hakuna hata mvivu. Mzabuni ana hesabu zake na mwananchi ana zake, na zote mbili zinatoka sawasawa. Ndiyo maana hotuba za kuwataka wananchi "wabadilike" hazizai kitu, na kubadili mzabuni kila mwaka nako hakuzai kitu. Mzabuni mpya anakuja na gari lililopakwa rangi, anaanza na walipaji 200 wale wale, na hesabu ile ile inammaliza. Kandarasi ikiwa ya mwaka mmoja hana hata sababu ya kukopa anunue gari zima. Atakodi bovu, likiharibika atasingizia foleni.

Kinachoufanya mtego huu uwe mkali ni kwamba asiyelipa haadhibiwi na uchafu wake. Usipolipa umeme, giza linaingia kwako peke yako. Usipolipa taka, mfuko wako unauweka usiku kwenye kizimba cha wote, na harufu inagawanywa sawa kwa sawa. Nyumba za kupanga ndizo zinazotia fora. Nyumba moja Buguruni ina vyumba vinane, kaya nane, ndoo moja ya taka. Mkusanya ada akifika saa nne asubuhi anawakuta watoto. Mwenye nyumba anaishi kwingine. Wapangaji wanasema taka zimo kwenye kodi, mwenye nyumba anasema kodi ni ya chumba. Mkusanya ada anaandika "hawapo" na kwenda zake.

Hapo katikati anaingia kijana wa guta au mkokoteni. Anapita anaita, unampa mia tano au elfu moja, anaondoka na mfuko papo hapo. Watu wanampenda kuliko gari la mzabuni, na wana sababu: anakuja anapohitajika na anachukua vyote. Lakini guta haliwezi kwenda Pugu. Anakwenda kwenye kizimba kilicho karibu, na kama kizimba kimejaa au mlinzi wake anadai chake, anakwenda bondeni. Ulichomlipa ni cha kuuondoa mfuko machoni pako. Cha kuufikisha dampo hakuna aliyelipa. Kumfukuza kijana huyu, kama inavyofanyika mara kwa mara, ni kupoteza miguu iliyo bora kuliko yote mtaani. Ingefaa apewe sehemu ya kushusha mzigo wake kihalali, kwa bei ndogo kuliko usumbufu wa kwenda bondeni.

Kisha mvua. Kila anayeishi mabondeni anajua kinachotokea wingu likifunga: watu wanatoka na mifuko. Maji yanapokuja kwa nguvu, taka ya wiki mbili inaondoka kwa dakika mbili, bure, bila risiti. Inaondoka hadi kwenye kalvati la kwanza. Sitaki kusema kwamba Mto Msimbazi unafurika kwa sababu ya chupa na pampasi peke yake. Mchanga unaoshuka kutoka maeneo ya juu yaliyojengwa bila mpango una sehemu kubwa, na kujenga bondeni kuna sehemu yake. Karakana ya mwendokasi Jangwani iliingiliwa na maji zaidi ya mara moja kwa kuwa ilijengwa mahali maji yanapopita. Lakini kwenye mitaro midogo ya mitaani, ile ya upana wa hatua moja, taka ndiyo kizibo. Mtaro ukiziba maji yanapanda barazani, na pamoja nayo kila kilichokuwa kwenye vyoo vya jirani. Kipindupindu Dar kimekuwa kikifuata njia hiyo kwa miaka mingi.

Nirudi kwenye ule mfuko mlangoni, kwa sababu kuna jambo ndani yake ambalo nadhani halizungumzwi vya kutosha. Kwa nini mtu anashindwa kusubiri gari? Chupa ya plastiki inaweza kukaa kwenye kona ya uani miezi miwili, haimsumbui mtu. Boksi linaweza kukaa mwaka. Kinachomfukuza mtu na mfuko wake usiku ni maganda, mabaki ya samaki na wali uliochacha. Kwa joto la Dar, siku ya pili kuna nzi, siku ya tatu kuna funza na panya. Taka za jikoni, ambazo kwa uzito ndizo nyingi kuliko aina nyingine yoyote majumbani kwetu, ndizo zinazopanga ratiba. Zikichanganywa na plastiki, zote zinakuwa na haraka. Zikitengwa, zile kavu zinaweza kumsubiri mzabuni hata wiki mbili bila ugomvi.

Kwa maneno mengine, kutenganisha taka, jambo linalohubiriwa kama fadhila kwa ajili ya mazingira ya dunia, ni kwanza kabisa njia ya kujikinga na gari linalochelewa. Na za jikoni hazihitaji kwenda Pugu. Wafugaji wa nguruwe wanatafuta makombo ya mama lishe kila jioni. Mwenye kiwanja anaweza kuchimba shimo chini ya migomba. Asiye na kiwanja, na hao ndio wengi, anahitaji mtu apite na ndoo. Shirika la Nipe Fagio limekuwa likifanya kazi ya namna hii na wakazi wa Bonyokwa: kaya zinatenganisha, wakusanyaji wanapita nyumba kwa nyumba, za jikoni zinageuzwa mboji huko huko mtaani. Kinondoni nao, kwa ushirikiano na jiji la Hamburg la Ujerumani, walijenga kiwanda cha mboji Mabwepande kwa ajili ya taka za masoko, ambazo karibu zote ni mboga, maganda na matunda yaliyooza. Kila tani inayoishia Mabwepande au Bonyokwa ni tani ambayo haikuvuka jiji kwa dizeli.

Huo mchanga wa kufagia nilioutaja mwanzoni nao usidharauliwe. Tunafagia uani kila asubuhi kwa ufagio wa njiti, tunazoa majani pamoja na udongo, tunautia kwenye mfuko wa taka. Lori linalipiwa kusafirisha ardhi ya Mbagala kwenda Pugu. Mchanga ubaki uani, hauna kosa.

Na siku za usafi je? Tarehe 9 Desemba 2015 Rais John Magufuli alifuta sherehe za Uhuru na kuamuru siku hiyo itumike kufanya usafi. Yeye mwenyewe akaonekana akiokota taka nje ya Ikulu, upande wa soko la samaki la Feri. Baada ya hapo Jumamosi ya mwisho wa mwezi ikawa siku ya usafi nchini. Nilizipenda siku zile, na bado naamini zina kazi yake: majirani wanajuana, mtaro unaonekana sakafu. Lakini angalia kinachotokea saa tano asubuhi wenye makoleo wanapoondoka. Tope lililotolewa mtaroni limerundikwa ukingoni mwa mtaro ule ule. Taka zilizofagiwa zimekusanywa marundo marundo kando ya barabara, zikisubiri gari. Gari ni lile lile, lenye safari nne kwa mwezi, na siku hiyo linahitajika mitaa yote kwa pamoja. Mvua ya Jumatatu inalirudisha tope lilikotoka. Siku ya usafi isiyo na gari la Jumamosi mchana ni kuhamisha taka hatua moja.

Watu hupenda kutaja Kigali hapa. Ni kweli, Wanyarwanda wana umuganda, yaani kazi za pamoja za jamii, Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na Kigali ni safi. Wanaosahaulika ni wanawake wenye mafagio wanaolipwa kufagia barabara zile alfajiri, siku zile nyingine zote za mwezi ambazo si umuganda, na kampuni zinazopita majumbani kuzoa. Na hata huko taka haiyeyuki. Dampo la Nyanza lilipofungwa mwaka 2012, taka zikahamishiwa kilima cha Nduba, na watu wa Nduba wana ya kusema juu ya usafi wa Kigali.

Sasa wale warusha chupa niliowaahidi. Mwaka 2008 watafiti wa chuo kikuu cha Groningen, Uholanzi, walifanya jambo la kijanja. Kwenye kichochoro ambako watu huegesha baiskeli waliweka vipeperushi vya matangazo kwenye usukani wa kila baiskeli, na hapakuwa na pipa la taka. Ukuta ulipokuwa safi, asilimia 33 ya wenye baiskeli walitupa kipeperushi chini. Ukuta ule ule ulipochorwachorwa, waliotupa wakafika asilimia 69. Kichochoro ni kile kile, kipeperushi ni kile kile. Mtu alitazama ukuta, akajiambia kwamba hapa hakuna anayejali.

Hilo linaeleza kwa nini faini inafanya kazi Moshi na inachekwa kwingine. Moshi ina sifa ya usafi ya miaka mingi, na kila mgeni anayeshuka stendi anaambiwa mapema kwamba kutupa taka chini ni shilingi 50,000. Mgeni anatazama chini, haoni kitu, anaamini. Mabango kama hayo yapo Dar, ila pale unapotishiwa faini kwa ganda la chungwa umesimama mbele ya rundo refu kukuzidi, na rundo lile halijatozwa faini na mtu. Mgambo anayekamata mwenye ganda akamwacha mwenye rundo anawafundisha watu kwamba kosa ni kukamatwa. Wengi hulipa "nusu" bila risiti, wanakwenda zao.

Ipo njia nyingine inayofanya kazi haraka kuliko zote, nayo ni kukifuta kitu chenyewe. Vile vipakiti vya pombe kali, viroba, vilivyokuwa vimetapakaa kila kijiwe cha bodaboda, vilipigwa marufuku kuanzia tarehe 1 Machi 2017, na ndani ya miezi michache ukawa huvioni. Mifuko ya plastiki ya kubebea ikafuata tarehe 1 Juni 2019, Tanzania Bara. Rwanda ilikuwa imeshatangulia mwaka 2008 na Kenya mwaka 2017, na Zanzibar ilianza kabla yetu. Mifuko ya rambo iliyokuwa ikining'inia kwenye michongoma na kumezwa na mbuzi ilipungua kwa namna ambayo hata wabishi waliiona. Baadaye vikajipenyeza vifungashio, vile vyepesi visivyo na mkono, ambavyo kanuni ziliviruhusu kwa ajili ya kufungia bidhaa. Leo muuza nyanya anakutilia nyanya humo bila wasiwasi, na vimerudi mitaroni. Marufuku inashika kitu chenye jina. Kikibadilishiwa jina, kinapita.

Pampasi hakuna atakayezipiga marufuku, na sidhani zinafaa kupigwa marufuku. Mama anayefanya kazi kutwa nzima sokoni, anayenunua maji kwa ndoo, hatarudi kwenye nepi za kitambaa kwa sababu ya kaulimbiu. Hazina mnunuzi, haziozi, haziungui vizuri, na wengine wanaamini kuzichoma kunamdhuru mtoto, hivyo zinaishia bondeni. Kwa taka za aina hii hakuna ujanja wa mtaani. Zinahitaji gari linalofika, na ndizo zinazostahili kuwa sababu ya kulipa ada hata kwa kaya inayotenga kila kitu kingine.

Kama ningepewa dakika tatu kwenye mkutano wa mtaa, nisingezungumzia tabia. Ningeomba ratiba ya siku na saa ibandikwe ofisi ya mtaa, kwa sababu mtu akijua gari ni Jumanne saa moja asubuhi, mfuko unatoka Jumanne saa moja asubuhi, hautoki Ijumaa usiku. Ningeomba ada ya nyumba ya kupanga idaiwe kwa mwenye nyumba, yeye aiweke kwenye kodi, hadithi iishe. Ningeomba vijana wa maguta waandikishwe na mzabuni, walipwe kwa mzigo wanaoufikisha kizimbani. Na ningemwomba diwani atuletee nakala ya kandarasi kutoka halmashauri, tusome wenyewe gari limeahidiwa mara ngapi kwa wiki. Baada ya hapo mtendaji awe na daftari: limepita, halikupita, sababu, sahihi ya mzabuni. Kandarasi inapokaribia kuisha, daftari hilo lisomwe mbele ya watu pamoja na orodha ya walipaji, kurasa zote mbili siku moja, kabla mtu yeyote hajaanza kumlaumu mwenzake.